Injini isikilizwe ikiwa baridi ndipo bei ikubaliwe

Mnunuzi anayefika kwenye yadi ya magari saa 5 asubuhi hukuta gari limeoshwa, matairi yamepakwa rangi nyeusi na injini inaunguruma taratibu kama cherehani mpya. Dalali hulizungusha gari mara mbili uwanjani, hufungua boneti na kutamka maneno yale yale ya kila siku, kwamba injini "haijaguswa". Mnunuzi husikiliza, huridhika, na kuanza kuulizia punguzo. Wakati huo jambo kubwa kuliko yote ambalo gari lile lingeweza kumwambia limekwisha kupita. Lilisemwa saa 12 alfajiri, katika sekunde 10 za kwanza baada ya ufunguo kuzungushwa, na aliyekuwapo kulisikia alikuwa mlinzi wa yadi peke yake.

Hiyo ndiyo kasoro ya soko la magari ya mtumba katika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Bei hukubaliwa kwa kutazama mwaka wa kutengenezwa, kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, rangi na hali ya viti. Injini, ambayo ndiyo mali yenyewe, husikilizwa ikiwa imekwisha kupata moto, yaani katika hali inayoficha kasoro nyingi. Umefika wakati wa wauzaji, wanunuzi na wakopeshaji kuifanya sauti ya injini baridi kuwa sehemu ya bei, kama vile mnunuzi wa mahindi anavyochoma gunia kwa bambo kabla ya kutoa fedha.

HASARA HUANGUKIA NANI

Chukulia mfano wa mfanyabiashara mdogo anayenunua gari la kubeba mzigo kwa Sh milioni 14. Nusu ni akiba yake na nusu ni mkopo wa SACCOS wa kulipwa kwa miezi 24. Mkopo peke yake, kabla ya riba, ni kiasi cha Sh 292,000 kila mwezi. Gari likimwachia Sh 40,000 kwa siku baada ya mafuta, mpango huo unakwenda.

Sasa chukulia kwamba mwezi wa tatu beringi za konrodi zinalia na injini inakufa. Injini nyingine ya mtumba pamoja na ufundi, tuseme, ni Sh milioni 3. Siku 20 za kazi zilizopotea ni Sh 800,000 nyingine. Gari la milioni 14 limekuwa gari la milioni 17.8, na SACCOS haisubiri gari litoke gereji. Ongezeko hilo ni asilimia 27 ya bei ya kwanza, na hakuna biashara ndogo ya usafirishaji yenye faida nene kiasi cha kulimeza bila kuyumba.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kipimo ambacho kingeweza kumwonya mtu huyo hakina gharama yoyote isipokuwa kuamka mapema.

KWA NINI BARIDI HUFICHUA

Neno "baridi" hapa halina maana ya hali ya hewa. Injini iliyolala usiku kucha Dar es Salaam, ambako hata alfajiri kuna joto, ni injini baridi kwa maana ya kifundi. Njombe au Limuru mwezi wa Julai dalili huwa kali zaidi, lakini zilezile huonekana hata Tanga.

Gari likilala, oili yote huteremka kwenye sampu. Asubuhi, kwa sekunde chache za mwanzo, kamshafti, tapeti na cheni huzunguka zikiwa na utando mwembamba tu wa oili uliobakia jana yake, mpaka pampu isukume oili na kuifikisha juu. Wakati huo huo vyuma navyo vimesinyaa. Pistoni za alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya silinda ya chuma, kwa hiyo zikiwa baridi huwa na nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Palipolika husikika. Baada ya dakika chache oili imejaa, vyuma vimetanuka, nafasi zimezibwa, na injini iliyokuwa ikilalamika inanyamaza.

Ndiyo maana muuzaji mjanja huwasha gari kabla mteja hajafika. Hahitaji kusema uongo wowote. Joto linamsemea.

SI KILA KELELE NI UGONJWA

Hata hivyo mnunuzi anayekimbia kila mlio atakimbia magari mazuri, na anayetumia kila mlio kudai punguzo atakuwa mwizi wa namna nyingine. Kelele za asubuhi zina madaraja, na kila daraja lina bei yake.

La kwanza ni kelele za kawaida. Injini nyingi za petroli zikiwashwa baridi huzunguka kwa kasi, zaidi ya mizunguko 1,000 kwa dakika, kisha hushuka polepole. Hilo ni agizo la kompyuta ya gari ili injini na mfumo wa moshi vipate joto upesi. Injini ya dizeli nayo hugonga zaidi ikiwa baridi, kwa sababu mafuta yaliyopulizwa huchelewa kidogo kuwaka kisha hulipuka kwa pamoja. Mgongo huo ukipungua kadiri joto linavyopanda, hakuna jambo. Ukibaki palepale, au ukiwa wa silinda moja tu, nozeli zipimwe.

La pili ni kelele za fedha kidogo. Mlio mkali wa kupiga mluzi mbele ya injini mara nyingi ni mkanda uliolika au kulegea. Ukinyunyiziwa maji kidogo mlio hubadilika, na hapo mwenye kosa anajulikana. Mlio wa "tik tik tik" unaofuata mwendo wa injini na kupotea ikipata moto unaweza kuwa gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuja, kwani chuma kikitanuka pengo hujifunga. Dalili yake ni masizi meusi kwenye maungio. Mlio kama huo kutoka juu, unaodumu sekunde chache kisha kuisha, unaweza kuwa wa tapeti zinazotumia oili ambazo zilikuwa hazijajaa. Chujio duni la oili, ambalo kizuizi chake cha ndani hakizuii oili kurudi chini usiku, nalo huleta kelele ya namna hiyo. Kubadili oili na chujio ni dawa ya kwanza kujaribiwa, na ni ya bei ndogo.

La tatu ni kelele za fedha za kati. Mkwaruzo wa mnyororo mbele ya injini kwa sekunde moja hadi tatu unaelekeza kwenye cheni ya taimingi au kikazio chake, ambacho hukaza kwa nguvu ya oili. Katika injini za VVT-i mkwaruzo mfupi unaweza kutoka kwenye gia ya kamshafti. Hapa mnunuzi ajue anachonunua. Injini ya 1NZ-FE iliyo katika Toyota IST na Probox hutumia cheni, lakini injini ya dizeli ya 5L ya Hiace hutumia mkanda. Anayeambiwa cheni imelia kwenye 5L anadanganywa, na anayeuziwa 5L bila kuulizia mkanda ulibadilishwa lini anajidanganya mwenyewe. Katika daraja hili pia imo pistoni inayopigapiga silinda kwa sauti nzito iliyofifia na kutulia baada ya dakika kadhaa. Gari la namna hiyo linaweza kutembea muda mrefu, lakini kulika kumeanza na bei iseme hivyo.

La nne ni kelele za kuliacha gari. Mgongo mzito wa chini, kama nyundo iliyofungwa kitambaa, unaosikika gari linapowashwa, ukapungua, kisha ukarudi injini ikiwa ya moto na ikibeba mzigo, ni dalili ya beringi za konrodi au za krenki. Oili ya moto ni nyepesi na haiwezi tena kuziba pengo. Fundi hukata moto wa silinda moja moja kwa kuchomoa koili au waya wa plagi. Mgongo ukififia kwenye silinda fulani, ugonjwa umekwisha kujulikana uliko. Taa ya oili inayochelewa kuzimika ikiandamana na mgongo huo, mazungumzo ya bei hayana haja ya kuendelea, isipokuwa kwa anayenunua bodi na kupanga kutafuta injini nyingine Gerezani au Kirinyaga Road.

Kwa sababu ya daraja hili la nne, mnunuzi asitosheke na sauti ya asubuhi peke yake. Asikilize baridi, aendeshe nusu saa akipanda mlima au akiwa na mzigo, kisha asikilize tena. Kelele inayopungua na joto na kelele inayoongezeka na joto ni habari mbili tofauti, na tofauti ya bei kati yao ni mamilioni.

UJANJA WA OILI NZITO

Zipo njia za kuinyamazisha injini iliyochoka. Ya kawaida ni kutoa oili nyepesi iliyopendekezwa na mtengenezaji, kwa mfano 5W-30, na kumimina 20W-50 au nzito zaidi. Oili nzito hujaza mapengo na kupunguza mgongo injini ikiwa ya moto. Mnunuzi wa saa 5 asubuhi hawezi kuigundua.

Lakini ujanja huo una udhaifu wake. Tarakimu iliyo mbele ya herufi W huonyesha tabia ya oili ikiwa baridi, na 20W hutembea polepole zaidi kuliko 5W. Oili iliyowekwa kuficha kelele ya mchana huchelewa kufika juu alfajiri, na cheni na tapeti hulalamika kwa muda mrefu zaidi. Dawa ya kumdanganya mteja wa mchana humfichua muuzaji mbele ya mteja wa alfajiri. Ndiyo sababu kipimo cha baridi ni kigumu kukishinda kuliko kipimo kingine chochote kinachofanyika uwanjani.

Kuhakikisha kwamba injini ni baridi kweli si kazi. Mgongo wa mkono uwekwe juu ya boneti, kisha kwenye bomba la juu la radieta na karibu na manifoldi. Pakiwa na uvuguvugu, gari limewashwa. Oili itazamwe kwenye kijiti chake kabla ya kuwasha. Baada ya hapo mtu mmoja awashe na mwingine asimame mbele ya boneti iliyo wazi, na wa tatu, kama yupo, atazame moshi. Moshi wa buluu unaotoka kwa pumzi moja kisha kwisha huashiria oili iliyochuruzika usiku kupitia sili za vali. Bisibisi ndefu, ncha yake kwenye chuma na mpini wake sikioni, hutosha kujua kelele inatoka mbele, juu au chini. Betri nayo hujisema yenyewe. Starta inayozunguka kwa unyonge alfajiri ilikuwa ikizunguka vizuri saa 5 kwa sababu tu gari lilikuwa limechajiwa na safari.

SOKO LINALOADHIBU MUUZAJI MWEMA

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu magari yaliyotumika ambayo baadaye ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001. Hoja yake inaeleweka na dalali yeyote. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati. Bei hiyo ni ndogo kwa mwenye gari zima, naye hujitoa sokoni. Ni nono kwa mwenye gari bovu, naye hubaki. Siku zinavyopita, yadi hujaa magari mabovu na wanunuzi hushusha bei zaidi.

Anayeumizwa na hali hiyo si mnunuzi peke yake. Mwenye Probox iliyotunzwa, iliyobadilishwa oili kwa wakati, hulipwa sawasawa na jirani yake aliyemimina oili nzito jana jioni. Hana njia ya kuthibitisha uzuri wa gari lake kwa maneno, kwa kuwa maneno yale yale yanasemwa na jirani. Injini baridi inayowaka kwa mara moja na kutulia ni ushahidi ambao jirani hawezi kuuiga. Kwa hiyo wa kwanza kudai kipimo hiki wangepaswa kuwa wauzaji wenye magari mazuri.

Wenye yadi wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa. Wanasema wateja wengi ni watazamaji tu, na kufungua yadi saa 12 alfajiri kwa kila mtazamaji ni gharama na hatari. Wanasema pia kwamba mnunuzi asiye fundi husikia mlio wa kawaida wa dizeli akadai apunguziwe milioni moja. Hoja ya kwanza inajibiwa kwa urahisi. Kipimo kifanywe baada ya bei kukubaliwa na amana ndogo kuwekwa, amana itakayorudishwa endapo injini itaonyesha kasoro iliyotajwa kwenye karatasi. Hoja ya pili inajibiwa na fundi. Anayenunua mali ya milioni 14 hashindwi kumlipa fundi wake posho ya asubuhi moja, na fundi huyo asiwe yule anayepata kamisheni ya yadi.

SERIKALI HUPIMA UMRI

Wengine hutegemea serikali iwachujie magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi umri huo. Hatua hizo zina sababu zake, lakini hupima kalenda. Gari la miaka 7 lililokosa oili ni bovu kuliko la miaka 12 lililotunzwa, na ushuru hauwezi kulijua hilo. Ukaguzi wa magari yanayoingia nao unalenga zaidi usalama barabarani, kama vile breki, taa na usukani. Karatasi za mnada za Japani husaidia zikiwa halisi, lakini zinaeleza hali ya gari siku ya mnada, kabla ya safari ya meli na kabla ya miezi ya kukaa yadi likiwashwa dakika mbili mbili ili betri isife.

Kwa hiyo kazi ya kusikiliza imebakia mikononi mwa wenye fedha. Wa kwanza wao ni wakopeshaji. SACCOS inayotoa mkopo wa gari hutaka kadi, bima na wadhamini. Ingeongeza karatasi moja ya nne, yenye sahihi ya fundi, ikisema gari liliwashwa tarehe fulani likiwa baridi, kelele zilizosikika ni hizi, na baada ya nusu saa ya kuendeshwa hali ilikuwa hivi. Karatasi hiyo ingelinda fedha za wanachama wote, maana mkopaji ambaye injini yake imekufa ni mkopaji anayechelewesha marejesho.

Wa pili ni wanunuzi wenyewe. Mkataba wa mauziano wa kawaida husema gari limeuzwa "kama lilivyo". Maneno hayo si mabaya, mradi mnunuzi ameliona na kulisikia kama lilivyo. Akiwa hakulisikia likiwa baridi, ameuziwa mbuzi kwenye gunia na kutia sahihi kwamba ameridhika na gunia.

Wa tatu ni wenye yadi wanaotaka jina. Yadi itakayoandika langoni kwamba mteja aliyeweka amana anaruhusiwa kuja alfajiri na fundi wake, kukuta boneti ya baridi na funguo mezani, itauza kwa bei ya juu kidogo kuliko jirani na kuuza upesi zaidi. Haihitaji leseni mpya wala mtaji.

Mpaka desturi hiyo ienee, mnunuzi ana kanuni moja ya kumtosha wiki hii. Aombe gari lilale usiku mmoja bila kuwashwa. Muuzaji akikubali, aende alfajiri na fundi. Akikataa bila sababu ya maana, asibishane naye. Atoe bei ya gari lenye injini ya kubadilishwa, au aende yadi ya pili.